Mgongo wa Gauni la Mama Chadia

Kasongo kuna mafundi cherehani wengi kuliko watu wenye vitambaa, na kila mmoja ni bingwa. Ukitaka kuhakikisha, muulize mwenyewe. Kamaldine hakuna aliyemuuliza, na hata angeulizwa angetazama viatu vyake. Alikuwa na miaka arobaini na nane, aliishia darasa la sita, na kibanda chake nyuma ya soko kilibanwa kati ya muuza chumvi na fundi wa baiskeli. Asubuhi alishona sare za shule. Mchana, wakati wenzake wakijadili mambo ya serikali, ambayo bila wao yangesimama, yeye alifufua magauni.

Yalikuwa magauni ya zamani ya jioni, yenye shanga, yaliyotoka katika mitumba. Huko Ulaya bibi kizee alikuwa amefariki, na wajukuu wake, kwa kutuhurumia, waliona kwamba kitu anachokosa zaidi mkulima wa Kasongo ni gauni la hariri lenye shanga elfu nne na mgongo wazi. Régina, muuza mitumba, alimpa Kamaldine magauni hayo bure, maana hakuna aliyeyanunua kwendea shamba la muhogo. Naye aliyalaza juu ya shuka safi, akapapasa kwa kidole mpaka aone uzi ulipokufa, akapitisha uzi mpya pembeni ya ule wa zamani kabla ya kukata chochote. Ukikata kwanza, shanga zote hukimbilia kwa fundi wa baiskeli, na yeye hurudisha nusu.

Sifa hiyo ndiyo iliyomleta Mama Chadia, akiwa amebeba kitu kilichofungwa kwa shuka kama mtoto mchanga. Lilikuwa gauni la ukoo wao, la buluu nzito, wavu mwembamba wa hariri uliojaa puleki, vile visahani vidogo vinavyong'aa, na nyuzi zake zilikuwa zimeanza kukatika. Mke wa Mbelgiji mmoja mnunuzi wa pamba alimwachia bibi wa Mama Chadia siku mumewe alipohamishwa. Hayo ndiyo maelezo ya zamani. Alipokuwa mtoto, Kamaldine alisikia kwamba ni mke wa msimamizi wa teritwari, yaani wilaya nzima, na sasa mtoaji alikuwa amekwisha kuwa malkia. Wanawake saba walikuwa wameolewa nalo, na hakuna msichana wa nyumba ile aliyetoka kwenda kwa mume bila kulivaa.

"Feza wa kaka yangu anaolewa wiki saba zijazo," alisema Mama Chadia. "Bwana arusi ni wa Kabambare. Kama gauni haiko tayari, nitawarudisha kwao na pikipiki zao zote."

"Hata Feza akimpenda?"

"Nani alikuuliza mambo ya kupenda, fundi?"

Kamaldine akatazama viatu vyake.

Wiki ya pili, puleki moja ilidondoka ndani ya chai yake. Alipomaliza kukoroga sukari, haikuwepo tena, na chai ilinuka kwato za ng'ombe zilizochemshwa. Akatia ya pili kuhakikisha, kisha ya tatu, kwa kuwa hakuwa na maabara nyingine. Basi akajua: puleki za zamani zile hazikuwa plastiki. Zilikuwa gundi ya kwato iliyokaushwa, na zikipata joto zinarudi kuwa mchuzi.

Alinawa kwa maji baridi, akashona kwa vidole vikavu. Siku ya kulikabidhi, Ijumaa, alikuwa amejizoeza sentensi yake kwa siku mbili, akaisema akiutazama mlango.

"Mama Chadia, hii gauni isifike karibu na moto."

"Unaona mimi ni mwehu? Mutu gani anachoma nguo ya arusi?"

Alibakiza neno moja kooni. Kila mtu wa mji alijua kwamba katika nyumba za zamani nguo za bibi arusi hutandazwa juu ya kikapu kilichofunikwa juu ya chetezo chenye makaa, zikafukizwa udi mpaka zinywe moshi. Mama yake mwenyewe alifanya hivyo. Lakini kumfundisha Mama Chadia kufukiza ni kama kumfundisha imamu kutawadha. Akalimeza lile neno, akasindikiza gauni kwa macho.

Jumamosi asubuhi alipelekewa pikipiki, heshima ambayo hakuwahi kuipata. Chumbani wanawake kumi na wawili walikuwa wanalia, na kila mmoja alikuwa na ushauri. Gauni lilikuwa kitandani. Mbele, kuanzia kiunoni hadi magotini, puleki zilikuwa mlenda. Chumba kizima kilinuka udi na supu ya kwato.

"Nilisema moto, Mama."

"Huo si moto! Ni udi!"

"Na chini ya udi kulikuwa na nini?"

"Makaa kidogo tu," alisema Mama Chadia, akakaa chini kama mtu aliyekatwa miguu. "Watu wa Kabambare wanafika saa tisa. Feza haendi. Hawezi kutoka bila gauni ya ukoo, kama uchi."

Feza alisimama pembeni, hakulia, alimtazama Kamaldine tu. Na Kamaldine akakumbuka lile neno alilolimeza jana.

"Mutoke wote," alisema. "Feza abaki."

Ilikuwa amri ya kwanza maishani mwake. Watu walishangaa sana, wakatii.

"Kumbe una sauti, fundi," alisema Feza.

"Ni ya kuazima. Shika huu uzi."

Puleki nyingine hazikuwepo, si sokoni, si katika mitumba ya Régina siku ile. Zilikuwepo mahali pamoja tu: mgongoni mwa gauni lenyewe. Wakazitoa huko safu kwa safu, Kamaldine akizifungua, Feza akizipanga juu ya sahani, kisha fundi akazihamishia mbele. Saa nane na nusu mbele kuling'aa. Mgongo ulikuwa kama kuku aliyenyonyolewa.

"Sasa nitafanya nini na huku nyuma?"

"Usigeuke."

"Kutwa?"

"Mpaka mlangoni. Mlangoni nitakuwa na shuka."

Feza alikaa mgongo ukutani, hakugeuka kulia wala kushoto. Wageni wakanong'ona kwamba wasichana wenye adabu namna ile wamekwisha. Feza huyo, ambaye jirani zake walimjua kwa kupigia kelele wenye pikipiki mpaka mtaa wa tatu! Saa ya kutoka ilipofika, alisimama, akainamisha kichwa, akarudi kinyumenyume, hatua kwa hatua, uso kwa wageni, mpaka Kamaldine akamfunika shuka.

Kisha shangazi wa bwana arusi akauliza, "Hii ni desturi gani?"

"Yetu," alijibu Mama Chadia, bila kupepesa macho. "Bibi arusi wetu hageuzii wageni mgongo. Tangu bibi zetu."

Wa Kabambare walitikisa vichwa kwa heshima, wakaondoka na bibi arusi wao.

Mwaka uliofuata ilikuwa zamu ya Aicha, binti wa Mama Chadia mwenyewe. Kamaldine alikuwa amelishughulikia gauni miezi minane, akiokota puleki moja moja katika mitumba ya Régina, na mgongo ule ulikuwa mgongo mzuri kuliko yote ya jimbo zima la Maniema. Sasa walifukiza shuka tu, si gauni. Hiyo nayo, alisema Mama Chadia, ni desturi ya zamani. Kamaldine aliwekwa mlangoni na shuka lake, kwa sababu lazima awepo mwanamume wa mlangoni, ilikuwa hivyo siku zote.

Aicha akasimama, akainamisha kichwa, akaanza kurudi kinyumenyume. Mgongo wote ule uling'aa kwa ajili ya ukuta. Kamaldine akafungua mdomo.

"Ulitaka kusema kitu, fundi?" Mama Chadia alimkazia macho.

"Hapana, Mama. Mumwambie tu kuna kizingiti."