Kinyozi Tulia na Picha ya Mifupa

Mtaani hakuna aliyemwita kwa jina alilopewa na wazazi wake. Watu waliliacha siku nyingi, walipogundua kwamba neno moja linamtoka mdomoni mara nyingi kuliko mkasi wake unavyofunguka. Tulia, mwanangu. Tulia kidogo, nakuja sikioni. Basi naye akawa Tulia, kibanda chake kikawa kwa Tulia, na akina mama wenye watoto wasioshikika waliwapita vinyozi watatu njiani ili wafike kwake.

Siri yake ilikuwa hadithi. Hakuwahi kumshika mtoto kichwa kwa nguvu. Alianza kusimulia, na wembe ulipokaribia nyuma ya sikio alinyamaza katikati ya sentensi, mdomo wazi, kama mtu aliyesahau. Mtoto naye alikauka palepale akingoja. Sikio likishapita salama, maneno yalirudi.

Kitu kingine kilikuwa taulo. Taulo dogo la buluu, lililofuliwa mpaka likalainika kama ngozi ya utosini, lilikaa kwenye bega lake la kushoto tangu asubuhi hadi anapofunga. Alifutia nywele shingoni, machozi, jasho lake mwenyewe. Mtoto akiwa mdogo kuliko kiti, alilikunja mara nne akalichomeka ubavuni, mtoto asiyumbe. Mkono ulifanya hayo peke yake, bila kumuuliza mwenyewe.

Mwaka huo binti yake wa miaka sita alianza kuchechemea. Walimwita Chiriku, kwa sababu alisema tangu anaamka hadi anasinzia, na pengine hata baada ya hapo. Wiki tatu muundi wa mguu wa kulia ulimuuma, homa ikaja na kuondoka. Daktari alimbonyeza, akampima damu, akatazama picha ya kawaida ya eksirei akiiinulia dirishani.

"Hapa muundini kuna kitu," alisema. "Sasa nataka kujua kama kiko hapa tu, au kiko na pengine. Kikiwa hapa tu, nadhani ni mfupa umeingiwa na vijidudu. Tutampa dawa za mshipani, atakimbia tena. Kikiwa na pengine…"

Daktari akafunga faili. "Tuone kwanza picha ya mifupa ya mwili mzima."

Tulia, aliyeishi kwa kukatisha hadithi katikati, siku hiyo ndipo alipojua yule anayekaa kwenye kiti anasikiaje.

Mkewe alikuwa na mimba ya miezi saba, na hospitali ilikuwa imesema wazi: mjamzito asiingie chumba kile. Kwa hiyo baba ndiye aliyempeleka. Asubuhi mkewe aliwasindikiza hadi mlangoni, mkono kiunoni.

"Na hilo taulo unalipeleka wapi? Unaenda kumnyoa daktari?"

"Nisipokuwa nalo bega linakuwa jepesi. Naona kama nimesahau mtoto."

"Basi usimsahau mtoto. Taulo nitakununulia jingine."

Alicheka, lakini hakuondoka mlangoni mpaka walipokata kona.

Chumba kilikuwa mwisho wa ukumbi, mlango mzito wenye alama ya njano. Aliyewapokea alikuwa mwanamke mfupi wa viatu laini, mpiga picha wa idara hiyo, kifuani amebandika kijisanduku cha kupimia mionzi anayoipata kazini. Tulia alimwita dada. Yeye alichuchumaa akazungumza na Chiriku kwanza.

"Unajua leo tunafanya nini?"

"Napigwa picha. Ndiyo maana nimevaa gauni la harusi ya mamdogo."

"Picha yangu haioni gauni, mpenzi. Inaona mifupa."

"Nikicheka itaona?"

"Haitaona. Ila mimi nitaona."

Akampaka mkononi dawa ya kutia ganzi, na wakati wanangoja ngozi ife ganzi akaeleza. Kuna dawa kidogo itakayopita kwenye mshipa. Ina mionzi midogo, haiumi, na wengi hawasikii kitu chochote. Itatembea na damu hadi kwenye mifupa, na pale mfupa unapofanya kazi kupita kawaida, itajikusanya kwa wingi. Baada ya saa tatu kamera itapaona panang'aa.

"Mionzi inaisha yenyewe, na nyingine inatoka na mkojo," alisema. "Kwa hiyo una kazi mbili tu: kunywa maji na kukojoa."

Chiriku aliangua kicheko. "Baba, umesikia? Hiyo kazi naiweza!"

"Nawe baba, chooni unamwaga maji mara mbili, mnanawa vizuri. Mkojo wake nao una dawa. Nguo ikilowa, mniambie."

Tulia aliitikia kwa kichwa. Macho yake yalikuwa kwenye sindano.

Akaanza hadithi. "Siku moja alikuja kibandani mbuzi. Akasema, kinyozi, ninyoe ndevu, nataka kazi benki, na benki hawataki ndevu. Nikamwambia kaa. Akakaa. Nikachukua wembe, nikasogea, na nilipofika tu kidevuni…" Akanyamaza. Sindano ikaingia. Chiriku alikunja uso, tone moja la chozi likashuka, lakini mkono haukutikisika.

"Halafu?"

"Halafu akapiga chafya."

Mpiga picha alimtazama Tulia juu ya kichwa cha mtoto. "Ungekuja ufanye kazi hapa."

Walikaa kwenye benchi la ukumbini na chupa mbili za maji. Simu ikalia.

"Ameshapigwa?"

"Sindano ndiyo. Picha bado."

"Analia?"

"Anaongea na kila anayepita. Ameshamuuliza mfagiaji ana watoto wangapi."

"Wewe je?"

"Mimi nimetulia."

"Mwongo," mkewe akasema.

Saa sita waliitwa. "Aende chooni mara ya mwisho, kibofu kiwe kitupu," mpiga picha alisema. Tulia akazima simu. Chiriku alikuwa amekunywa maji kupita kiasi na alichelewa kidogo kufika. Baba akamwinua haraka, akamfuta mguu, akamwaga maji mara mbili, wakanawa hadi viwikoni. Hakusahau hata neno moja aliloambiwa, ndivyo alivyodhani.

Kitanda kilikuwa chembamba na kigumu. Juu yake palikuwa na kamera pana, bapa, iliyoshuka taratibu mpaka karibu na pua ya mtoto.

"Itanigonga?"

"Haikugusi," mpiga picha alisema. "Inasogea tu, kama mkono wa baba yako anapokuja sikioni. Utalala hivyohivyo nusu saa. Ukijitikisa tunaanza upya."

Alimfunga mkanda mlaini kifuani, akamfunika shuka, akageuka kwenda kwenye mitambo yake. Tulia aliona mwanya kati ya kiuno cha mtoto na ukingo wa kitanda. Mkono wake ukafanya kazi yake ya miaka ishirini.

Kwenye kioo cha mitambo, mtoto alianza kutokea. Nukta moja, nukta nyingine, kama nywele zinavyoanguka sakafuni mpaka sakafu isionekane. Fuvu dogo. Mbavu. Uti wa mgongo. Kamera ilikuwa ikiteleza kuelekea miguuni bila haraka, na Tulia alikuwa akisimulia jinsi mbuzi alivyofika benki na kidevu cheupe, huku nusu ya moyo wake ikiwa kioo­ni.

Ndipo nyonga ikaja. Pembeni ya nyonga ya kushoto palikuwa na doa. Lilikuwa jeupe na kali kuliko kitu chochote kilichotangulia kutokea.

Mkono wa mpiga picha ulisimama juu ya vitufe.

"Dada," Tulia alinong'ona. "Hiyo ni nini?"

"Mimi napiga, baba. Anayesoma ni daktari."

Magoti yakatokea, yote mawili yaking'aa, na Tulia akayaonyesha kwa kidole. "Hayo usiyaogope," akasema mwanamke. "Watoto wote wanang'aa hapo, ndipo wanaporefukia." Kisha muundi wa kulia, na doa lililotarajiwa. Moja, mbili. Kiko na pengine.

"Baba," Chiriku aliita bila kusogeza midomo. "Mbuzi kafanyaje benki?"

Tulia alikuwa bado amelikodolea lile doa la nyonga.

"Endelea, baba," mpiga picha alisema chini chini. "Asije akageuka kukutafuta. Zimebaki dakika nane."

Akaendelea. Hakuna hadithi aliyowahi kuisimulia kwa taabu kama ile. Mbuzi alipewa kiti. Mbuzi alipewa kalamu. Mbuzi alipewa karatasi aweke sahihi, naye… kila aliponyamaza mtoto alidhani ni ule mchezo wao, akakauka zaidi. Lakini safari hii msimuliaji mwenyewe ndiye aliyekuwa hajui kinachofuata.

Kamera ilipoinuka, mpiga picha alitoka kumwita daktari wa picha. Chiriku akauliza, "Nitulie bado?"

"Bado, mama," Tulia alijibu. Alimwita hivyo alipokosa neno jingine.

Daktari huyo alikuwa mzee wa miwani juu ya paji la uso. Aliishusha, akainama kwenye kioo. "Nyonga ya kushoto imewahi kumuuma?"

"Hapana."

"Alianguka? Aligongwa?"

"Hapana, daktari. Hajawahi." Alitamani kuwe na jibu jingine. Alitamani mtoto awe aliwahi kuanguka.

Mpiga picha hakutazama kioo. Alikuwa amerudi kitandani, akainua shuka.

"Hii nini?"

"Taulo langu."

"Nililiona begani kwako asubuhi. Limefikaje huku?"

"Asiyumbe. Kibandani huwa…"

"Lililowa?"

Tulia alifungua mdomo. Akaona choo, mguu mdogo unaochuruzika, mkono wake ukipanda begani na kurudi. "Nilimfutia mkojo," alisema.

Daktari na mpiga picha walitazamana. "Litoe," daktari akasema. "Mwoshe ngozi hapo, abadilishwe nguo, rudia nyonga peke yake. Baba, sijasema kitu bado. Linaweza kuwa taulo, linaweza lisiwe."

Dakika tano. Tulia hakuwa na hadithi tena, na Chiriku, kwa mara ya kwanza katika maisha yake, hakuiomba. Nukta zilianguka. Nyonga ya kulia ikajichora, kijivu, tulivu. Ya kushoto ikaanza. Alizihesabu nukta kama mtu anayeweza kuzizuia. Zikajaa, zikajaa, na zikabaki kijivu kama za upande wa pili.

Mpiga picha alilichukua taulo kwa glavu, akalilaza peke yake chini ya kamera. Kwenye kioo cheusi lile doa likatokea, halina mfupa, halina mtoto.

"Mgonjwa wa pili huyu," daktari alisema. Kisha, akiona baba hacheki: "Muundini tu. Nitamwandikia mwenzangu hivyo."

"Muundini tu?"

"Hapo tu."

Taulo lilitiwa mfukoni, likafungiwa kabatini. Alichukue kesho kutwa, mionzi itakuwa imekwisha. Chiriku anywe maji sana, na mpaka kesho asikae mapajani mwa mama yake mwenye mimba.

Walipofika nyumbani, mkewe alikuwa amesimama palepale mlangoni. Hakutazama uso wa mumewe, alitazama bega.

"Simu umezima tangu saa sita! Taulo liko wapi?"

"Limelazwa."

"Nani kalazwa?"

"Taulo. Sisi tumeruhusiwa."

"Baba Chiriku, mguu. Niambie mguu."

Alivuta pumzi, akafungua mdomo, na maneno yakakwama.

"Usinisimamishie hadithi mimi!"

"Hapo tu," alisema. "Muundini. Hapo tu, hakuna pengine. Kesho anaanza dawa za mshipani."

Mkewe alipiga hatua kumkumbatia mtoto. Chiriku akarudi nyuma akichechemea, kiganja mbele kama askari wa barabarani.

"Tulia, mama," akasema. "Mpaka kesho."