Mvuto Mmoja wa Pazia

Siku yangu ya kwanza kazini nilikabidhiwa pazia kabla ya kukabidhiwa miksa, mashine ya kuchanganya sauti. Karakana yetu ya vyombo vya sauti ilikuwa kwenye uchochoro nyuma ya Biashara Street, na Fundi Mkuu alinipandisha garini pamoja na spika, maikrofoni na kitambaa kizito cha kijani.

"Leo ni arusi ya wanawake," akaniambia. "Utakaa nyuma ya pazia hili, na macho yako yakae huko huko. Likivutwa mara moja, ongeza sauti. Mara mbili, punguza. Mara tatu, chakula kiko tayari."

Ndivyo tulivyofanya kazi. Mwanamume haingii ukumbini bi arusi anapoonyeshwa, kwa hiyo mwanamke wa nyumba yenye arusi alisimama upande wa pili akawa masikio yetu. Taabu ni kwamba nyuma ya spika husikii kama wasikiavyo walio mbele. Besi inakujaa kifuani, na mwimbaji ni kama amefunikwa blanketi. Naye mvuta pazia mara nyingi alikuwa shangazi wa bi arusi. Akishaanza kucheza, alisahau kuvuta.

Miksa ya zamani ilikuwa na safu ya vifundo vya kuzungusha kwa kila maikrofoni. Juu kabisa geini, inayoamua sauti iingie na nguvu kiasi gani. Kisha trebo, ya sauti nyembamba, na besi, ya sauti nzito. Na chini feda, kile kitelezo unachosukuma juu kuongeza na kuvuta chini kupunguza. Nilivijua vyote kwa vidole.

Fundi Mkuu alipostaafu, Meneja mpya, mtu wa bara aliyekuwa akiongoza kwaya ya wafanyakazi wa bandari, alituletea miksa ya dijitali. Nikadhani walioiunda wamesahau nusu ya vifundo.

"Hakuna kilichopotea, Mzee Twaha," alicheka. "Chagua kwanza chaneli, yaani njia ya maikrofoni unayoitaka. Vifundo hivi vichache vitakuwa vya hiyo."

Basi nanyi mnaoanza kazi hii, nawaambia hivyo hivyo: chagua, soma jina kwenye kioo, ndipo uguse. Mimi wiki nzima niliongeza trebo ya ngoma nikidhani namrekebisha mwimbaji. Tena msione haya kukosea, kila mtu huanzia hapo. Miksa hii pia ina kumbukumbu. Ukishapanga sauti unaihifadhi kwa jina, na siku nyingine ukiiita, feda zote zapanda na kushuka zenyewe, maana kila moja ina mota ndogo ndani. Mara ya kwanza kuziona nilisema Bismillahi.

Kilichonishinda kilikuwa tableti. Kwa tableti, miksa yaendeshwa bila waya kutoka popote ukumbini. Meneja alimpa Mwanaisha, fundi mwenzetu. "Yeye ataingia kwa wanawake," akasema. "Wewe kaa na miksa." Nilikubali kwa mdomo tu.

Alasiri moja tulikuwa na arusi Mbaraki. Bi arusi alilelewa na bibi yake, mwimbaji wa enzi zake, ambaye ugonjwa wa koo ulikuwa umemwachia sauti nyembamba kama uzi. Kabla ya shughuli alikuja mpaka kwenye pazia.

"Mwanangu, sauti yenyewe ni hii uisikiayo. Kesho mjukuu wangu asafiri na mumewe, nchi ya mbali. Nataka anisikie kila neno."

"Atakusikia, bibi," nikaahidi.

Alipoanza kuimba, sikusikia ila besi. Nikasukuma feda yake juu. Ikashuka yenyewe. Nikaisukuma tena, ikashuka tena. Nilijua ni Mwanaisha, huko ndani na tableti yake, lakini nilikuwa nimetoa ahadi, na miaka yote mkono wangu ndio ulioamua. Nikaisukuma hadi mwisho, nikaikandamiza kwa kidole, ikatetemeka kama mjusi aliyeshikwa mkia. Spika zikapiga mluzi, ule unaokuja maikrofoni inapoisikia spika na kuirudishia sauti yake yenyewe. Bibi akakatiza wimbo.

Mwanaisha akaja nyuma ya kitambaa. "Ami Twaha, toa mkono."

"Hasikiki!"

"Huko uliko hasikiki. Mimi niko mbele yake, ami. Asikika vizuri, ni wewe umpigiaye mluzi."

"Na nikitoa mkono, nifanye nini?"

"Ukae. Kwani kiti hukuletewa?"

Wanawake waliokuwa karibu wakaangua kicheko. Nami nikatoa mkono, nikakaa, na Mwanaisha akarudi ndani.

Nilivaa hedifoni, nikabonyeza kitufe cha kusikiliza chaneli ya bibi peke yake. Mbele yangu feda ya bibi ikashuka kidogo. Ya besi ikashuka zaidi, kisha kinanda, kisha fidla. Nilikuwa nimesahau kwamba kumfanya mtu asikike mara nyingi ni kuwapunguza walio pembeni yake. Bibi akaanza tena, nikasikia pumzi yake, halafu neno lake la kwanza, safi. Alipofika kwenye jina la mjukuu wake, kilio cha msichana kikaingia kwenye maikrofoni, karibu sana. Nikajua amesikia. Vigelegele vilipotulia, pazia likavutwa mara tatu, na sahani ya biriani ikapita chini yake.

Tangu siku hiyo Mwanaisha alichanganya sauti kutoka ndani, nami nilipanga nyaya, geini na kumbukumbu za miksa kabla ya wageni kufika. Ilikuwa kazi nzuri, na masikio yangu yalipumzika.

Sasa nimestaafu, nakaa Mji wa Kale. Siku ya kuniaga karakanani walinipa maikrofoni niseme machache, sauti yangu ikatoka ndogo, walio nyuma hawakunisikia. Mwanaisha alikuwa nyuma yangu na tableti mkononi. Nilidhani ataipandisha feda yangu. Hakuigusa. Nilihisi kanzu yangu ikivutwa kwa nyuma, mara moja.