Nilivyomtupa Mtani Wangu Mgunda Mkali

Naomba mcheke sasa hivi mmalize, ili nikifika pale penye aibu yenyewe muwe mmeshachoka. Maana hapa Gongoni, Tabora mjini, kila mtu anaujua mkasa huu, hadi mama muuza maandazi aliye jirani na kibanda changu cha kutengeneza simu, kila asubuhi nikimwamkia shikamoo ananijibu, "Marahaba Maganga, umeshazikwa?" na mimi najibu bado mama, nafungua kibanda. Basi heri niuseme mwenyewe kuliko kuusikia kwa watu wanaouongezea chumvi (ingawa, niseme ukweli, hauhitaji chumvi).

Mimi mchana natengeneza simu, na muda unaobaki nahakiki gemu. Nina chaneli yangu mtandaoni, nilijiita Hakimu, na nilikuwa na kapelo nyeusi ambayo sikuwahi kurekodi bila kuivaa, yaani kapelo ikiwa kichwani mimi si fundi simu tena, mimi ni mtu wa kuogopwa. Niligundua mapema kwamba watu hawaji kusikia gemu ikisifiwa, wanakuja kuona mtu akichanwa, basi nikawa nachana. Nilichana gemu za Wajapani, nikachana za Wamarekani, hakuna aliyewahi kunijibu, na mtu asipojibiwa anaanza kuamini kwamba ana akili.

Ndipo akaja Nyemo. Nyemo ni Mgogo, nami ni Mnyamwezi, kwa hiyo ni mtani wangu, mtu wa kutukanana naye bila kukasirikiana; anafundisha kompyuta kwenye chuo kimoja hapa mjini, na kwa miaka alikuwa akitengeneza gemu peke yake, michoro yeye, maneno yeye, hadi sauti za ngoma alirekodi mwenyewe. Gemu inaitwa Mgunda Mkali, kwa jina la lile pori kavu ambalo wapagazi wa zamani walilivuka wakishaipita Tura, kabla hawajafika Ugogo penye visima. Ni gemu ya kadi. Unaanzia Tabora na kadi chache dhaifu dhaifu, mpagazi, kibuyu cha maji, jembe la kubadilishana, ngoma, na kila kituo unawekewa kadi tatu, unachagua moja unaiongeza kwenye fungu lako, au unatupa ile iliyokuchosha, na hivyo kidogo kidogo unajijengea msafara wako. Ukifa umekufa kweli, hakuna kurudi ulipoishia, unaanza upya Tabora na njia imeshabadilika, kisima kilichokuwa mkono wa kushoto hakipo tena.

Alinipa mimi na mhakiki mmoja wa Dar es Salaam kabla ya watu wote, akaniambia, "Mtani, icheze taratibu, usome maneno. Maneno ndiyo gemu yenyewe." Nikamwambia ondoa shaka. Nikafika nyumbani nikafungua, yakaja maelezo marefu, na pembeni kitufe kimeandikwa Ruka. Nikawaza, yule wa Dar saa hizi keshaanza. Nikabonyeza Ruka. Kidole kimoja, ndugu zangu, na yote ninayowasimulia yametoka kwenye kidole hicho.

Sasa humo ndani kuna kadi inaitwa Mtani. Ina picha ya mwanamume anacheka meno yote nje, nguvu sifuri, maji sifuri, na kila kituo anakunyang'anya mzigo mmoja halafu anakutukana. Anakutukana kwa maandishi kabisa: "Mnyamwezi wewe, utosi umekuota sugu kwa kubebea watu mizigo!" Chini unapewa vitufe viwili, Cheka na Kasirika. Ukicheka huongezewi kitu, ukikasirika unapata nguvu mbili. Mimi ni mtu wa namba, kwa hiyo nilikasirika kila mara, na kituo kinachofuata nikamtupa porini nikaendelea.

Nikafa mara thelathini na moja. Mara nyingine kiu ndani ya pori, mara nyingine mlangoni mwa Ugogo, pale unapodaiwa hongo, ile ada ya kupita, na huna cha kutoa. Kila nikifa wanakuja tai, maandishi yanasema "Umefia njiani", basi, unaanza upya mikono mitupu. Nikavaa kapelo yangu nikarekodi: gemu hii haishindiki, kifo chake hakina maana kwa sababu hakuna unachorithi, na kuna kadi moja ya takataka inaitwa Mtani, nadhani ni makosa ya mtengenezaji. Video ile ilitazamwa kuliko zote nilizowahi kutoa. Nilifurahi, sitawaficha.

Siku ya tatu Nyemo akanipigia. Nilijiandaa kwa ugomvi, lakini alikuwa na sauti ya mtu aliyechoka tu.

"Mtani, umeimaliza?"

"Nimeicheza vya kutosha."

"Sikukuuliza hivyo." Akaniambia kwamba kuna walimu wawili wa sekondari waliokuwa tayari kuiweka kwenye kompyuta za shule zao, wanafunzi wa historia waicheze, na sasa wameiona video yangu na wanasema kama haishindiki watoto watakata tamaa. Wanakuja Jumamosi kwenye ukumbi wa chuo chake, wataamua siku hiyo hiyo. "Njoo uicheze mbele yao. Kama ni mbovu, wataona. Kama si mbovu, pia wataona."

Mtu mwenye busara angerudi kusoma yale maelezo. Mimi nikaamua kwenda kurusha laivu. Na si hivyo tu, nikaamua kumchukua na mama mkubwa, dada yake marehemu mama, aliyenilea kule Bukene na ambaye wiki ile alikuwa kwangu amekuja kutazamwa macho, ili aone kijana wake anavyosikilizwa na watu.

Basi Jumamosi saa nne asubuhi ukumbi umejaa, projekta inawaka ukutani, simu yangu iko kwenye stendi inarusha, walimu wameketi na daftari zao, na mama mkubwa yuko mstari wa mbele na miwani mpya kabisa anaisifia kila dakika. Nikaanza. Kituo cha pili tu, huyo, Mtani akatokea na meno yake.

"Huyo anayecheka ni nani?" akauliza mama mkubwa, kwa sauti ile ya shambani.

"Ni kadi tu, mama mkubwa."

"Anasema nini?"

Mwalimu mmoja akamsomea. Mama mkubwa akacheka mpaka akavua miwani. "Mgogo huyo! Haki ya Mungu ni Mgogo! Sasa wewe mbona unamkasirikia?"

"Inaongeza nguvu mbili, mama."

"Nguvu mbili za kufanyia nini?"

Ukumbi mzima ukacheka, nami nikaona joto limenipanda shingoni, nikamtupa Mtani haraka haraka, nikaingia porini, na kabla sijafika nusu nikafa kwa kiu, tai wakaja. Nikawageukia watu nikasema, "Mmeona? Haishindiki." Nilisema kwa majivuno. Mwalimu mmoja akaandika kitu kwenye daftari lake. Nyemo alikuwa amesimama ukutani, mikono nyuma, anatazama lile daftari, na uso ule ninauona hadi leo nikifumba macho.

"Hebu nijaribu mimi," akasema mama mkubwa.

Nilimwambia mama, haya si mambo yako, lakini mwalimu akasema hapana, acha ajaribu, yeye atamsomea na kumbonyezea. Na hapo ndipo nilipoanza kuzama. Mtani alipotokea mama mkubwa akamchukua kabla ya maji. Akatukanwa, akasema "Cheka," na yeye mwenyewe akacheka, akamjibu ukutani pale kana kwamba anasikilizwa: "Na wewe na ng'ombe wako waliokonda mpaka wanakuonea huruma!" Akanyang'anywa mzigo, akasema mwacheni, ndiyo kazi yake. Akaingia Mgunda Mkali na msafara ambao mimi nisingetoka nao hata nje ya Tabora, akatoka upande wa pili na kibuyu kimoja, akafika mlangoni mwa Ugogo bila hongo. Nikajisemea, amekwisha. Na yule Mtani, kadi ya takataka, akasogea mbele mwenyewe, maneno yakatokea: "Hawa ni watani wangu. Wakifa kwa kiu, nitamtukana nani?" Visima vikafunguliwa.

Watu walipiga makofi mpaka vumbi likatoka kwenye mapazia. Mimi nilipiga pia, mikono ilipiga yenyewe.

Kituo kilichofuata mama mkubwa akafa kwa homa. "Basi nimekufa," akasema, "nizikeni." Lakini tai hawakuja. Walikuja watu. Wakachimba kaburi, na yule Mtani akarukia ndani akajilaza, akasema hatoki mpaka apewe kitu. Unachagua kadi moja unampa, anatoka, unazikwa, na maandishi yanasema: "Safari ijayo utaanza naye." Mara zote nilizokufa sikuwahi kuyaona maneno yale, kwa sababu sikuwahi kufa nikiwa na mtani.

Mama mkubwa akavua miwani tena, safari hii hakuwa anacheka. "Maganga. Tulipomzika babu yako Bukene, nani alilala kaburini?"

Nilikuwa na miaka minane. Alikuwa Mgogo mmoja wa reli, pale stesheni, alijilaza mule na koti lake la Jumapili, akasema marehemu ni mvivu hata kaburi anataka achimbiwe, na hatoki bila jogoo. Mama mkubwa alikuwa hajala siku mbili, hajasema neno siku mbili, na alipomsikia yule mtu alicheka, akacheka na machozi yanamtoka, na jioni ile akala. Nilikuwepo. Jogoo nilimshika mimi, kwa mikono yangu, mimi ndiye niliyempelekea. Na mtu huyo huyo aliyeshika jogoo akaenda kuambia watu mtandaoni kwamba kadi ya Mtani ni makosa.

Laiti ningeishia hapo, ingekuwa aibu ya kawaida. Lakini Nyemo alikuja mbele anatabasamu, na machozi yanamlengalenga, akaninyang'anya kapelo kichwani akaivaa yeye, akawaambia watu, "Mtazameni Mnyamwezi huyu! Amekufa mara thelathini na hajazikwa hata mara moja! Ananuka!" Ukumbi ukaanguka kwa kicheko. Jamani, alikuwa ananisamehe. Mbele ya watu wote alikuwa ananipa njia ya kutokea, na nilichotakiwa kufanya ni kucheka tu. Mimi nikampokonya kapelo, nikasema, "Usinizoee."

Mtu hamwambii mtani wake maneno hayo. Mama mkubwa aliinamisha kichwa kama aliyenifumania naiba. Nikatoka nje kwa hatua ndefu, kapelo mkononi, na nilipofika barabarani nikakumbuka kwamba simu yangu nimeiacha kwenye stendi, na bado inarusha laivu.

Nilisimama pale juani nikiwaza ninunue simu nyingine niachane na ile (fundi simu mzima!). Kisha nikamsikia kupitia dirisha mama mkubwa akisema, "Msamehe mtani wako, mwanangu. Kumlea nilimlea mimi, kwa hiyo kosa nichukue mimi." Na mwalimu akauliza, "Lakini huyu si ndiye mtaalamu wa gemu? Kama mtaalamu hakuielewa, mwanafunzi ataielewaje?"

Hapo nikarudi ndani. Nilisimama mbele ya simu yangu mwenyewe, kichwa wazi, nikasema kwamba mwalimu, mimi si mtaalamu, mimi nilibonyeza Ruka. Sikusoma hata kadi moja hadi mwisho. Nilihesabu namba nikasema nimesoma. Gemu hii si mbovu, mbovu ni uhakiki wangu, na mama huyu asiyewahi kushika gemu ameielewa mara ya kwanza tu kwa sababu aliyasikiliza maneno. Kisha nikampelekea Nyemo kapelo kwa mikono miwili. Akaipokea, akainusa, akasema, "Kweli ananuka." Safari hii nilicheka.

Walimu waliichukua gemu kwa muhula mmoja wa majaribio. Ile video yangu ya kwanza sikuifuta, niliiacha na juu yake nikaandika kwamba nilihukumu bila kusoma.

Wiki mbili baadaye Nyemo akanitumia ujumbe: "Mtani, fungua, kuna kadi mpya." Nikafungua. Picha ni ya mwanamume mdomo wazi, kichwani hana kitu, na jina ni Mhakiki. Nguvu sifuri, maji sifuri. "Anaongea njia nzima. Habebi mzigo. Hawezi kutupwa." Nilikuwa nataka kuifunga nimpigie simu nimtukane vizuri, kidole kikasita, nikaishusha ile kadi polepole hadi mwisho, na chini kabisa, kwa herufi ndogo, palikuwa na mstari mmoja zaidi: "Ukifa, anakuja kuzika."

Tangu siku hiyo sijabonyeza Ruka, hata kwenye yale masharti marefu ya simu ambayo hakuna binadamu anayeyasoma, wateja wanalalamika nachelewa. Na kapelo yangu bado anayo yeye. Juzi nimemwona nayo sokoni, ameivaa kinyumenyume, ananipungia mkono. Siidai.