Hita ya Mama

Baba yangu alinunua karavani kuukuu kwa ajili ya waridi. Mama alizaliwa Unguja, katika nyumba ya watunga maua ya maharusi, na alikuwa amesikia kwamba kule juu ya mlima wa Jabal Akhdhar waridi huchumwa alfajiri. Akatamani kuliona likichumwa walau mara moja. Lakini alfajiri ya jabali ina baridi, na kifua chake kilikuwa kimeshaharibika. Daktari alisema akilala kwenye baridi, basi kajitakia mwenyewe. Ndipo karavani, ile nyumba ndogo ya kukokotwa na gari, ikaegeshwa mbele ya nyumba yetu ya Ghubra, na baba akaanza kutafuta hita ya kuipasha joto ndani.

Fundi wa Rusayl alimweleza kwamba ziko mbili. Ya gesi inapasha upesi na haina kelele, ila unalala karibu na mtungi. Ya dizeli inakunywa kidogo kidogo na moshi wake unatoka nje kwa bomba, ila inanguruma na harufu haikosi. Baba akaja kumuuliza mama. Mama akasema haidhuru.

Mtu asiyelelewa na Wazanzibari atadhani hilo ni jibu. Kwetu anayesema haidhuru huenda amekubali, huenda ameumia, na kumshikilia aseme ni ipi ni kumkosea adabu. Kwa hiyo baba akawa anakisia. Alimkumbuka jirani aliyeunguzwa na mtungi, akaona mama ataogopa gesi, akaagiza ya dizeli. Kisha akakumbuka mama alivyotapika melini walipokuwa wanahama Unguja, kwa harufu ya mafuta ya injini, akaenda kuikataa. Akauliza tena kwa kuzungukazunguka, akajibiwa vilevile. Wallahi nilitamani kuwagonganisha vichwa. Watu wazima wawili, wanastahiana mpaka wanachosha! Nikamwambia baba achukue yoyote, yaishe. Akaniambia ninyamaze, si mimi nitakayelala mle.

Waridi la jabali halikai. Msimu ukapita karavani ikipigwa jua, na baba akasema tutakwenda mwakani.

Joto lilipopamba moto mama akalazwa hospitali. Safari hii baba alimuuliza waziwazi, mbele yangu, anataka hita ipi, ili akitoka aikute imeshafungwa. Mama akaisogeza barakoa ya oksijeni.

"Mie nlitaka kwenda tu," akasema. "Hiyo baridi ningejifunika."

Baba akatoka. Nikamkuta ndani ya gari juani, madirisha yamefungwa na kiyoyozi hakijawashwa. Nikamgombeza kwamba atajiua kwa joto. Akaniuliza kama daktari atakubali tumchukue mama kesho. Nikamwambia waridi limeshakwisha huko.

"Najua," akasema. "Tumpeleke hivyo hivyo."

Akarudi ndani kuomba ruhusa. Daktari alisema tumngoje, atatupa jibu. Mama alifariki tukiwa bado tunangoja.