Nilizima swichi, na binti wa mke mwenzangu anatafuta kosa ambalo halipo

Admin, assalaam alaykum. Nifiche jina, na kijiji usikitaje, sema tu kaskazini mwa Pemba, maana huku tunajuana hata kwa kikohozi.

Mie ni mama wa miaka arobaini na saba, nimesoma mpaka kidato cha pili, nina watoto watano. Mmoja ndiye aliyenipandisha kichwa, nimwite Hamadi. Yuko mwaka wa mwisho chuo cha amali, anasomea umeme wa viwandani, ile mitambo inayojiendesha yenyewe. Mtoto huyu ana miaka tisa alifungua redio ya babu yake, akaifunga, ikasema. Friji ya dukani kwa jirani kaifufua yeye. Nikienda soko la Wete naitwa Mama Fundi, na mie huitika kwa sauti. Kwa nini nisiitike?

Tatizo kwetu mafundi ni wawili. Mume wangu ana mke mwengine, nyumba zetu zinatazamana, uwanja ni mmoja. Binti yake, nimwite Asya, yuko darasa moja na Hamadi wangu.

Wivu ulianza siku baba yao aliporudi na sanduku la vifaa: koleo, bisibisi, na ile mita ya kupimia umeme. Akampa Asya. Hamadi akaambiwa, "Wewe utaazima kwa dada yako." Mwanangu akacheka, "Sawa, baba." Mie sikucheka. Tangu hapo kila kitu Asya. Picha kwenye simu ya mume wangu ni Asya kavaa kofia ngumu juu ya mtandio. Harusini bibi mmoja akaniuliza, "Yule bi fundi wa kofia ndiye wako?" Nikamwambia wangu ni wa kiume. "Aa, kumbe nawe unaye!" Kumbe nawe unaye. Neno hilo lilinikaa kifuani wiki nzima.

Msimu huu wa karafuu Asya akatengeneza kitu. Mnajua wenyewe adha ya kuanika: mvua ikidondoka mtu anaacha chungu motoni akimbilie kuanua. Asya akaweka turubai kwenye fremu juu ya majamvi, akafunga mota na kibati kinachohisi maji. Tone likigusa kibati, turubai linajivuta lenyewe mpaka linafunika karafuu zote. Umeme aliuchukua chumbani kwangu, kwa sababu dirisha langu ndilo lililo karibu na majamvi. Alikuja kwa adabu, "Mama mkubwa, naomba umeme kwako." Nikampa, na chai nikampa.

Jumamosi moja asubuhi mwalimu wao akaja kuitazama kazi. Kulikuwa na nafasi moja ya kwenda kufanya mazoezi kiwandani Tanga, waliobaki kushindania ni Asya na Hamadi, na Hamadi mwenyewe alishaniambia, "Mama, ile ni ya Asya. Kazi yake nimeipima mimi, haina kasoro." Watu wakakaa barazani, mume wangu kavaa kanzu utadhani anaozesha. Wingu likatanda. Mke mwenzangu akasema kwa raha zake, "Haya, leo mtamwona mwanangu."

Nikaingia chumbani kama naenda kuchukua mtandio. Nikazima swichi.

Mvua ikaja. Turubai halikutikisika. Watu wakaruka na ndoo na mapakacha, Hamadi wangu anazoa karafuu kwa mikono, lakini nyingi zilirowa. Zilipokwisha kuanuliwa nikawasha tena ili nisijulikane, na hapo ndipo turubai likaanza kutembea taratibu, likafunika majamvi matupu. Watu walicheka! Jirani mmoja akasema, "Hili limekuja kutoa mkono wa pole." Mwalimu hakucheka. Akasema kiwandani mtambo ukichelewa hivyo mtu hukatika mkono. Nafasi akapewa Hamadi.

Nilipiga vigelegele, nikapika pilau, nikampelekea na mwenzangu sahani.

Hii ni wiki ya pili Asya anatafuta kosa. Kafungua waya zote, kazifunga upya, anamwagia kibati maji kwa kikombe na turubai linakwenda vizuri kila mara. Juzi alikuwa jikoni kwangu ananikunia nazi, akauliza, "Mama mkubwa, siku ile umeme ulikatika chumbani kwako?" Nikamjibu, "Haukukatika, mwanangu. Hata redio ilikuwa inasema." Akatoa daftari akaandika. Alipokwenda kuswali nikalifungua. Kaorodhesha sababu zote anazozidhania, na ya kwanza kabisa ni umeme. Kaipiga mstari, pembeni kaandika: "Ulikuwepo. Kathibitisha Mama mkubwa."

Yaani pale hakupima. Kaliamini neno langu. Basi atatafuta mpaka achoke, hatolipata.

Jana kamwambia mama yake anaacha chuo, akajifunze cherehani, kwamba yeye hana kichwa cha kazi hii. Na Hamadi begi hajalifunga. "Mama, turubai lile nililipima mimi. Siendi Tanga mpaka nijue lilichelewa kwa nini." Safari yenyewe ni Jumatano.

Nikisema, mume wangu namjua hasira zake, na karafuu zilizoharibika ni zake. Talaka naiona. Lakini hilo si kubwa kama macho ya Hamadi siku atakapojua pilau lile lilikuwa la nini. Na nisiwadanganye, bado nikimwona mwenzangu anapita kainamisha kichwa napata raha kidogo, kisha najichukia.

Hivi ninavyoandika Asya yuko uwanjani na kikombe chake. Anamwaga maji, turubai linafunika. Analirudisha, anamwaga tena. Ndugu zangu, niambieni kabla ya Jumatano: nimwambie nani mwanzo, Asya, Hamadi au baba yao? Na mdomo huu uliosema umeme haukukatika niufungue vipi?