Kabla Hujamfungulia Mtoto Kitabu

Mwanangu, weka huo mfuko chini kwanza. Naona umetoka mjini na vitabu vya picha vya kuwasomea watoto wako, na umechagua vile vyenye jalada linalong'aa. Sikucheki. Kizuri chajiuza, na hata mimi nilinunuliwa hivyo hivyo. Vuta kiti hapa jikoni, kuna siku moja hainitoki moyoni, nikusimulie.

Nilikuwa msichana mbichi, nimetoka Maragoli kumfuata kaka yangu aliyekamua ng'ombe katika shamba la mzungu mmoja upande wa Moiben. Kwa kuwa nilikuwa nimesoma kidogo misheni, wazee wa kanisa la pale shambani wakanipa watoto wadogo niwafundishe, wale ambao hawajafika umri wa kufukuza ndege kwenye ngano. Tulikaa katika banda la mabati, chini tumetandika nyasi kavu. Memsaab naye, mke wa yule mzungu, watoto wake walipokua, akanitumia sanduku la vitabu vyao. Vilikuwa vya Kiingereza, lakini picha haina kabila. Niliangalia picha, nikasimulia kwa Kiswahili, basi.

Kimoja kilinipendeza kuliko vyote. Kilikuwa kitabu cha kuhesabu: ukurasa huu ng'ombe mmoja, ule wawili, ule watatu, wote wanono, wamepakwa rangi tamu. Watoto walipokiona walipiga kelele mpaka mabati yakalia. Nikawafundisha kuhesabu ng'ombe wa kitabuni. Halafu, kwa ule ujuaji wangu, nikamwambia kila mmoja ahesabu wa kwao.

Utaniuliza, ubaya uko wapi? Upo, mwanangu. Kwa Wanandi, ambao ndio waliokuwa wengi pale shambani, na hata kwetu, mtu hanyooshi kidole akahesabu watoto wala mifugo. Ni kuwaita mauti. Hilo nililijua, nikaliona ni ushamba. Tena pale shambani kulikuwa na jambo lingine. Sisi maskwota, yaani tuliokaa kwenye ardhi ya mzungu kwa kumfanyia kazi, tuliruhusiwa ng'ombe wachache tu, na wakizidi, mzungu anawauza. Kwa hiyo karibu kila boma lilikuwa na ng'ombe ambaye mchana haonekani.

Sasa palikuwa na mtoto anaitwa Jerono, mdomo wake hauna breki. Siku hiyo nyapara wa mzungu alipita, akasimama mlangoni kuona watoto wanasoma nini. Jerono akataka kumwonyesha kwamba yeye ni hodari. Akahesabu ng'ombe wa nyanya yake bila kukosea, kisha akaongeza kwa majivuno, "Na yule mweusi mwenye shingo nyeupe analala kule bondeni, ndani ya miti, kwa sababu yeye ni siri!"

Nyapara alicheka, akaenda zake. Kesho yake yule mweusi mwenye shingo nyeupe alifungwa kamba akapelekwa mnadani. Ndiye aliyekuwa anampa Jerono maziwa.

Tangu hapo Jerono akanyamaza. Nyumbani kimya, darasani kimya. Hakuna aliyempiga, lakini watu wazima walipita wakisema mbele yake, "Ulimi uliponza kichwa," wala hawakuona haya! Mtoto mdogo vile, jamani, aamini mdomo wake ndio uliouza ng'ombe. Iliniuma, na nikikumbuka bado inaniuma.

Ndipo akaja nyanya yake na fimbo yake, amemshika Jerono mkono. Sote tulimwita Kogo, ndivyo Wanandi wanavyomwita nyanya. Nilidhani amekuja kunitukana. Akaketi juu ya debe, akapumua, akasema, "Mwalimu, hicho kitabu chako kilimuuliza mjukuu wangu swali. Naye akajibu. Kosa lake ni lipi?"

"Hana kosa, Kogo."

"Basi ni la nani?"

Nilitaka kusema ni la nyapara, na haki ya Mungu lilikuwa lake! Lakini Kogo alinitangulia. "Nyapara ni mvua," akasema. "Mvua kazi yake ni kunyesha. Wewe ndiwe uliyemtoa mtoto nje bila kutazama mawingu." Akagonga fimbo chini. "Haya, mchagulie kitabu kingine nikiona. Akikaa hivi hivi kama kigogo, namchukua akachunge ndama, na hapa hatarudi tena."

Kuchunga ndama si aibu, hata mimi nimechunga. Ila nilijua kwamba Jerono akitoka pale na ule ukimya, atazeeka nao. Nikainamia sanduku. Nikatoa kitabu kinene cha watoto wanaocheza kwenye theluji, nikakirudisha. Ningeeleza theluji mpaka jua litue. Nikatoa cha mwanakondoo aliyepotea, nikakirudisha haraka. Aliyefiwa haongezewi kilio. Chini kabisa nikapata kimoja kidogo, kimetafunwa na panya, jalada hakina. Kilikuwa cha kuku anayeitwa bandani mvua inakuja, naye hataki. Safari hii nilikipitia mpaka mwisho kabla sijasema neno. Kisha nikafunga mlango.

Nikamketisha Jerono ubavuni pangu, nikamwachia yeye afungue kurasa. Sikumuuliza kitu. Nilisimulia tu: kuku anaitwa, hataki, anarushiwa mahindi, hataki. Wenzake wakaanza kuitikia, "Hataki!" Jerono kimya, anafungua tu. Tukafika pale mvua imeshuka, kuku yuko nje amejikunyata, na hapo Kogo, mtu mzima na fimbo yake, akashindwa kujizuia.

"Kuku gani mpumbavu huyu!" akafoka. "Si aingie ndani!"

Jerono akamgeukia. "Si mpumbavu, Kogo," akasema. "Amewafunika watoto. Angalia hapa."

Ni kweli, chini ya bawa vilichungulia vichwa vya vifaranga, na mimi mwalimu sikuviona. Watoto wakamrukia, "Wapi? Wapi?" naye akawaonyesha, anaongea, anaongea, hamalizi. Nililia mbele ya darasa zima, sikujali. Kogo akaitazama ile picha kwa muda mrefu, akainuka, akaenda mlangoni bila mjukuu wake. "Nitamfuata jioni," akasema.

Basi nisikilize, mwanangu. Kitabu cha picha ni mgeni mwenye maswali. Usimkaribishe kwa mtoto kabla hujakaa naye wewe mwenyewe. Kisome mpaka mwisho. Jiulize, kitamfanya mwanangu aseme nini, na nani atakuwa anasikia? Usimpe cha kumtonesha kidonda, na cha kigeni kisizidi anachokijua. Mketishe karibu, mwachie kurasa, hata akirudia ile ile mpaka uchoke. Usimhoji kama askari. Tena chagua chenye nafasi ya yeye kuona usichokiona wewe, na akikusahihisha, furahi. Kile cha ng'ombe sikukichoma, ingawa wengi walitaka. Tulihesabia viazi, na viazi havikudhuru mtu.

Mungu akujalie watoto wasioogopa kukujibu, akupe na subira ya kuwasikiliza hadi neno la mwisho. Na siku utakapokuwa Kogo, uwe na mjukuu wa kukuambia, "Angalia hapa."