Dawa au Neno

Juzi nilifungua chupa ya dawa ya maji ya mwanangu, na ile harufu ya sukari iliyochanganyika na uchungu ikanirudisha Masuguru, kwenye chumba nilicholala utotoni na mdogo wangu.

Alikuwa na homa kali. Mwinjilisti alisimama mlangoni akimtaka mama achague.

"Dawa au Neno. Ukishika vyote viwili, mama, unamjaribu Mungu."

Mama alitoka na chupa, akaimwaga yote mchangani. Kisha akaweka Biblia chini ya mto wa mdogo wangu, kama alivyoagizwa.

"Shikamoo, mwinjilisti," nikasema. "Mbona wewe unavaa miwani?"

Mama alinizaba kofi. Mwinjilisti alicheka, akaivua miwani, akaifuta kwa pindo la shati, akaivaa tena.

"Huyu ndiye Tomaso wenu," alimwambia mama. "Mwangalieni."

Mdogo wangu hakumaliza wiki. Makaburini, mbele ya majirani, mtu yule alitangaza kwamba nyumbani kwetu imani ilikuwa pungufu.

Hasira ndiyo iliyonifanya niisome Biblia mwenyewe, kitabu kwa kitabu, nikitafuta alikoitoa amri ile. Haimo. Nilichokuta ni mtume akimshauri kijana wake anywe mvinyo kidogo kwa ajili ya tumbo lake.

Mwaka jana nilimsomea mama mstari huo, polepole. Alisikiliza mpaka mwisho, mikono mapajani.

"Sawa, mwanangu," akasema. "Sasa mimi imani yangu ilipungua wapi?"